Upande wa Pili wa Lusiola

Kitale, 11 Februari 2024

Ndugu yangu Levi,

Nakusalimu wewe, Rispah na watoto, nikitumaini mmeamka salama. Huku tu wazima. Gathii ameanza kulima shamba la Endebess kabla mvua haijatukuta, na mama yake, Nyaruai, bado anamgombeza kila jioni kana kwamba mume wangu ni mtoto wa darasa la nne. Binti yetu amerudi chuoni. Mguu wangu wa kulia unauma nikikaa sana, na kazi yangu ni ya kukaa.

Tangu Krismasi nimekupigia simu hata nimechoka. Juzi aliyeshika ni Rispah, akaniambia kwa sauti ya chini, "Anasema uandike. Ati kwenu huko kortini kitu kisipoandikwa hakipo." Basi nimeandika. Ni miaka mingi sijaandika barua isiyo na nambari ya kesi juu yake, kwa hiyo nivumilie.

Najua ni habari ya siku ile ya kunyoa nywele. Levi, mimi sikuomba kiti kile. Tulimzika Baba, siku ya tatu ukoo ukakusanyika kunyolewa na kugawa alichoacha, kama ilivyo desturi yetu, na mzee Nakhungu mwenyewe akasimama akasema, "Sisi tuko na hakimu kwa nyumba. Kwa nini tugawe na mdomo?" Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwepo. Nikagawa kama sheria inavyotaka. Shamba la juu lenye barabara, lako. Shamba la chini kando ya mto, pamoja na nyumba ya Baba, la mama mdogo Viola na mtoto wake, kwa maana mjane hafukuzwi alikoolewa. Mimi sikuchukua hata jembe. Wazee wakapanda miche ya miti ya lusiola kwenye mpaka, tukala, kila mtu akaenda kwake.

Nimefikiri ni wapi nilipokukosea na sipati. Kama pako, niambie.

Dada yako,
Nelima


Bungoma, 3 Machi 2024

Mheshimiwa Dada,

Salamu zako zimefika, ingawa zilichelewa. Barua ilikaa wiki nzima katika ofisi ya vifurushi hapa stendi kwa sababu uliandika majina yangu yote matatu, na hapa mjini hakuna anayenijua kwa majina hayo. Safari nyingine andika Levi wa Mayanja, watanipata. Jumanne na Ijumaa huwa niko mjini, nitakuwa nikipitia.

Rispah amechaguliwa kuongoza kwaya, sasa hata ugali tunaletewa kwa sauti ya kwanza na ya pili. Ng'ombe alizaa, lakini dume. Viatu vyangu vile vyeusi ulivyoninunulia vimenibana ghafla, nimempa shemeji yangu. Labda ni uzee unaanzia chini.

Umeniuliza ni wapi. Unakumbuka miwa? Baba alikuwa akileta muwa mmoja kutoka Webuye, kabla kiwanda cha karatasi hakijafungwa, na anakupa wewe kisu. "Anayekata anachukua mwisho." Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza, na wewe hukuwahi kuivunja, hata ukibaki na kile kipande cha juu kisicho na utamu. Siku ya kunyoa pia ulikata na hukuchukua. Hilo nakupa.

Lakini lusiola walizipanda kwenye njia ya zamani ya ng'ombe, pale ulipowaonyesha kwa kidole. Upande wa pili wa lusiola, hatua chache tu, ndipo alipolala Derrick. Kibanda changu cha ujana kilikuwa huko chini, kando ya mto, na mtoto wangu wa kwanza malaria ilimchukulia huko, tukamzika nyuma ya mlango wake. Wewe ulikuwa Lodwar. Nilikaa pale kwenye benchi na kichwa changu kimenyolewa nikingoja ukumbuke. Nilisema moyoni, atafika hapo tu. Ukafunga kitabu chako.

Sitaki shamba la chini. Nataka kile kipande cha kaburi, na nafasi kidogo kando yake. Basi. Na usiniambie nikamwombe Viola. Mtoto wangu alizikwa hapo huyo Viola akiwa bado shuleni Malakisi, hata Baba hajamjua. Siwezi kumpigia magoti msichana ili aniruhusu kumsalimia mwanangu. Aliyekata ndiye arudishe.

Ndugu yako,
Levi


Kitale, 24 Machi 2024

Ndugu yangu Levi,

Mvua imefika na pamoja nayo kesi za mipaka, maana watu hukumbuka jirani amewala wakati wa kupanda. Gathii anawasalimu. Nyaruai ameuliza habari zako mara mbili, anasema ulipokuja Krismasi ya mwaka juzi ulikula vizuri kuliko wanawe.

Habari ya Derrick imeniingia. Sikumsahau. Lakini nilipokuwa nimeketi pale nilikuwa nikitazama shamba kama linavyotazamwa kwenye ramani, na ile njia ya ng'ombe ilikuwa mpaka ulio wazi ambao hata mtoto angeuona. Kaburi halihami kwa sababu mpaka umepita. Nenda ukamsalimie siku yoyote, hakuna atakayekufukuza.

Kuhusu kurudisha, hapo ndipo sitakuficha kitu: siwezi. Hakimu akishasoma hukumu, mkono wake umetoka. Nikirudi kusogeza lusiola kwa sababu aliyeomba ni ndugu yangu, kesho atakuja binamu, keshokutwa Viola naye atafute wakili, na kila kitu kitafunguka. Halafu kuna jambo la kazi ambalo sitaki kuliandika hapa. Mwaka huu si mwaka wa kufungua mambo ya nyumbani. Nielewe hivyo tu.

Nawe kuna neno lazima nikuambie kama dada. Nilipompigia Rispah aliniambia huonekani shambani siku hizi, kwamba kila Jumanne na Ijumaa uko mjini na unarudi ukiyumba. Hakutaka kusema zaidi. Levi, Baba yetu hakuonja pombe. Kama kiwanda kilikuondoa kazini kilipofungwa, si wewe peke yako. Una shamba la juu lenye barabara. Lilime.

Subira huvuta heri.

Dada yako,
Nelima


Bungoma, 30 Juni 2024

Mheshimiwa,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na shughuli za kuyumba.

Hatujambo. Mahindi yamesimama vizuri upande wa juu, Rispah na watoto ndio waliopalilia. Mvua ya mawe ilipiga Malakisi, tumbaku ya shemeji yetu ikawa matambara, lakini huku haikufika. Mwanangu mkubwa anakusalimu, anataka kujua kama wewe, senge yake, utaonekana kwenye televisheni.

Ndiyo, tumeona. Mahali ninapokaa kungoja siku za Jumanne huwa kuna gazeti, na mwenye zamu alikuwa amelifungua kwenye tangazo kubwa. Majina ya walioomba ujaji wa mahakama ya ardhi. Nikapita na kidole kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani. Ulikuwa wa kumi na saba, majina yote matatu. Nikamwambia jirani yangu wa kiti cha pili, "Huyu ni dada yangu," akasema, "Wacha mchezo." Kwa hiyo hilo ndilo jambo la kazi. Ungeniandikia tu, Dada. Mimi si gazeti.

Chini ya majina wameandika kwamba mwananchi yeyote mwenye habari juu ya mwombaji awaandikie Tume ya mahakama. Mimi ni mwananchi.

Nikuambie kitu ambacho hukukijua. Mwaka ule ulipohamishiwa Kitale nilikuja kortini kwako bila kukuambia. Nilikaa nyuma kabisa. Walileta mama mzee wa Endebess aliyeshikwa na pombe ya chang'aa, kila kitu dhidi yake kilikuwa wazi, na yule wa mashtaka alikuwa ameshafunga faili. Wewe ukainama mbele ukamuuliza, "Mama, una la kusema?" Ukashika kalamu ukangoja. Ulingoja mpaka karani akakohoa. Yule mama akaanza kulia, akasema mambo yake yote, ukaandika. Hata sijui ulimhukumu vipi, niliondoka hapo, maana nilitaka kuondoka na hicho. Nilitembea hadi stendi nikijisikia mtoto wa mtu.

Mimi hukuniuliza, Nelima. Mwuza chang'aa umemuuliza.

Levi


Kitale, 9 Julai 2024

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako ofisini nimefunga mlango. Nawasalimu wote. Sina habari za mahindi leo.

Nitakuandikia kama unavyotaka, bila kuficha. Nimekuwa hakimu miaka ishirini na miwili. Nilianzia Lodwar, ambako nilisikiliza kesi ya wizi wa mifugo siku mliyomzika Derrick, kwa sababu mashahidi walikuwa wametembea siku tatu na nisingeweza kuwarudisha. Kutoka hapo Maralal, kisha Kilgoris, ambako binti yangu alijifunza kutembea bila mimi kumwona. Kila mahali nilikuwa napewa nyumba yenye mende na dereva asiyekuja. Wenzangu tuliosoma pamoja waliingia kwenye kampuni za mawakili wakawa majaji kupitia huko, kwa mlango wa mbele. Sisi mahakimu hupandishwa kama ndoo kisimani, kwa kamba ya mtu mwingine. Nimeomba ujaji mara mbili na mara mbili nikarudi nyumbani. Hii ni ya tatu. Nina miaka hamsini na mitatu, Levi. Hakuna ya nne.

Na ile siku ya kunyoa inaweza kunimaliza. Hakimu hasikilizi kesi ya baba yake mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nililijua nikiwa nimeketi kwenye kile kiti, lakini wazee walikuwa wanapiga makofi, na kwetu mwanamke hajawahi kupewa kiti siku hiyo, na mimi, nitasema ukweli, nilipenda. Sasa mtu mmoja tu akiandika kwamba mwombaji wa mahakama ya ardhi aligawa ardhi ya baba yake, na kuna mgogoro, nimekwisha. Hawataniuliza kama niligawa vizuri.

Ndiyo maana siwezi kwenda kwa Viola sasa. Nikimgusia tu, atajua kuna shaka, na shaka hutafuta wakili. Nakuomba unyamaze hadi mwisho wa Septemba, wakati wa mahojiano. Oktoba nitakuja mwenyewe, nitaketi na Viola, nitatafuta njia ya kile kipande. Naahidi. Ni miezi mitatu tu. Kaburi limengoja miaka yote hii.

Tafadhali usiandike.

Dada yako,
Nelima


Bungoma, 25 Agosti 2024

Dada,

Mwandiko huu ni wa Rispah. Vidole vyangu vimevimba vikakataa kalamu, usiulize maswali ya kihakimu. Yeye anakusalimu, na ananiambia niseme kwamba kuku wake wote wamekufa kwa kideri isipokuwa yule mmoja mkorofi.

Unasema kaburi limengoja. Ni kweli. Kaburi halina haraka. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nitajaribu. Nitangoja kama nitaweza.

Kuna siku nilishuka hadi kwenye lusiola. Zimeshika, zimefika kiunoni. Nilisimama upande wangu nikamwona Derrick kule. Pamepaliliwa. Sikujua ni nani. Nilirudi kwa sababu Viola alikuwa akianika nguo na sikutaka anione nimesimama kwenye mpaka wake kama mwizi.

Jambo la pili. Nimewaandikia watu wa Tume. Mimi nilisema, Rispah akaandika, imeshatumwa. Utaisikia hukohuko.

Levi


Kitale, 29 Septemba 2024

Ndugu yangu Levi,

Nawasalimu nikiwa nimerudi kutoka Nairobi jana. Gathii alinipokea na mbuzi aliyechinjwa, kana kwamba nimeshapita.

Nilipopata barua yako ya Agosti nilikuchukia. Nataka ulijue hilo. Kwa majuma nilikuwa naamka nikipanga majibu. Niliingia kwenye chumba kile, mbele ya wale watu tisa na kamera, nikajibu habari za hati miliki na mito na misitu, huku nikingoja tu kusikia neno Bungoma.

Likaja mwishoni. Mwenyekiti akachukua karatasi akasema, "Tumepata barua kutoka kwa ndugu yako wa tumbo moja, huko Mayanja. Nimesoma barua nyingi za ndugu wa waombaji, lakini hii ni fupi." Akaisoma. Kwamba unanijua tangu nikiwa na kisu cha kukata miwa. Kwamba sijawahi kuchukua kipande cha mtu. Na kwamba, "Katika maisha yake yote dada yangu hajanipendelea hata siku moja." Chumba kizima kikacheka, mwenyekiti akavua miwani, akasema hiyo ndiyo sifa bora aliyowahi kuisikia juu ya jaji. Nami nikacheka pamoja nao, Levi. Nilicheka, na meno yangu yalikuwa baridi.

Halafu akaniuliza, kwa kufuata tu utaratibu, kama nina mgogoro wowote wa ardhi katika familia. Nikasema hakuna. Nikasema tulimaliza nyumbani kwa amani.

Sijui nikushukuru vipi. Nimeelewa ulichoandika, nimeelewa na ulichokiacha. Mbona vidole vinavimba? Umeona daktari? Nitakuja, lakini wamesema majina hutoka baada ya wiki chache, na hadi hapo wapelelezi wanaweza kuuliza majirani. Tumefika mlangoni. Vumilia kidogo tena.

Dada yako,
Nelima


Bungoma, 11 Oktoba 2024

Dada,

Rispah anaandika. Hatujambo, isipokuwa mimi.

Nimeiacha habari ya kipande. Usije kwa ajili ya mpaka. Njoo tu. Ukija Jumanne utanipata mjini, mwulize Rispah mahali. Njoo kama mtu wa kwetu, bila kitabu.

Levi


Kitale, 18 Oktoba 2024

Ndugu yangu Levi,

Salamu kwenu nyote. Hujanijibu, nami nimekuwa Eldoret kwa semina, sijapita ofisini, kwa hiyo sijui kama umeandika.

Majina yametoka. Langu limo. Nilitaka ulisikie kwangu safari hii kabla ya gazeti. Kiapo ni tarehe tano Novemba, na kuanzia Jumatatu tutakuwa Nairobi kufundishwa. Nyaruai amelia, kisha akaniuliza kama jaji bado anaruhusiwa kukamua ng'ombe.

Jumamosi ile ya baada ya kiapo niko Mayanja, sasa hakuna wa kunizuia. Nitaanza kwa Viola, kisha nitakuja kwako. Mwambie Rispah asichinje yule kuku mkorofi, amezoea maisha.

Dada yako,
Nelima


Kitale, 12 Januari 2025

Levi, ndugu yangu,

Nimezoea kuanza kwa kukuuliza hali. Leo nitakupa tu habari za huku. Rispah anakula kidogo kidogo. Wanao wamerudi shuleni. Gathii ndiye aliyekuvunia mahindi ya shamba la juu, alikuja na watu wake kutoka Endebess. Nyaruai anakutaja kwa Kikuyu akipika, anadhani sisikii.

Ulisema nisipige simu, niandike. Naandika.

Rispah alinipigia nikiwa Nairobi, siku ya kuamkia kiapo. Tulikuwa tunafundishwa namna ya kusimama na Biblia. Akasema, "Levi ametuacha." Nikamuuliza ni ajali gani. Akasema, "Kwani wewe hukujua? Ni figo, Dada. Alikuwa anaenda kuoshwa damu na mashine Jumanne na Ijumaa, tangu mwaka jana. Akitoka huko hawezi hata kusimama. Alikataa nikuambie. Ati utakuja juu ya kumhurumia, na yeye alikuwa anataka ukuje juu ya haki." Nilikuandikia habari ya pombe. Uliisoma barua hiyo, ukanijibu kwa mzaha.

Asubuhi yake nilikula kiapo. Ningeweza kuondoka usiku uleule, Gathii alikuwa tayari na gari. Sikuondoka. Niliapa kutenda haki bila woga wala upendeleo, watu wakapiga picha, ndipo nikaja.

Siku ya mazishi nilifika nikakuta wamechimba kaburi upande wa juu, karibu na barabara. Nikamshika mzee Nakhungu mkono, nikamwambia achimbe chini, kando ya Derrick, kwamba ndiyo nafasi uliyoiomba. Sasa ndipo nilipoielewa ile nafasi kidogo kando yake. Tangu Machi ulikuwa ukiniomba mahali pa kulala na mwanao, nami nikakujibu kwa njia ya ng'ombe. Mzee akanitazama kwa heshima kubwa. "Mheshimiwa, ni wewe uliamua. Sisi tumefuata tu hukumu yako." Na kaburi likishachimbwa kwetu haliachwi wazi, unajua. Ukilikataa lazima uzike mgomba ndani yake, na wazee wakasema kuzika mgomba na mtu siku moja ni kuita msiba wa tatu, na nyumba hii imeshazika wawili kwa mwaka. Vijana walikuwa wameshanawa mikono. Nilikuwa jaji wa siku chache tu na nisingeweza kuhamisha shimo moja.

Siku ya kunyoa wakaniletea kiti. Kilekile. Nikakikataa, nikaketi kwenye mkeka na wanawake. Mzee Nakhungu akangoja niseme. Mimi nikageuka kwa Viola, aliyekuwa amekaa mwisho kabisa na mtoto mapajani, kama alivyokaa siku ya Baba, nikamuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote wa Endebess, "Mama mdogo, una la kusema?"

Alishtuka. Nadhani alifikiri nataka kumfukuza. Nikangoja. Halafu akasema, nami nimeyaandika kama alivyoyatamka, "Mimi hakuna mtu aliniuliza kitu hapa. Siku ya Mzee mlinipatia hiyo ya chini, nikanyamaza, si mlisema ni sheria. Mimi hata sikuwa nataka hiyo. Maji inajaanga huko mpaka kwa mlango. Nilikuwa nataka kidogo tu ya juu, hapo kwa barabara, niuzie mboga. Na huyo mtoto wa Levi, si mimi ndio nalimanga hapo kwake? Levi alikuwa anakuja anasimama hapo kwa lusiola, ananiangalia, anarudi. Nilidhani ananichukia. Angesema tu, ningempatia hiyo mahali yote. Mngeniuliza tu."

Rispah alijifunika uso kwa leso.

Mlitaka vipande vya kubadilishana, Levi, wewe na yeye, tangu mwanzo. Ningeuliza watu wawili swali moja, kazi ingekwisha kabla ya chai. Ndiyo kazi pekee ninayoijua. Niliifanya miaka ishirini na miwili kwa watu nisiowajua, kwa wezi wa ng'ombe na wapika chang'aa, na siku ile moja nyumbani kwetu sikuifanya, kwa sababu sheria nilikuwa nayo kichwani na niliona inatosha. Kisha nikakungojesha ili nipate cheo cha kuwauliza wengine.

Barua yako ya Oktoba niliikuta mezani ofisini nilipokwenda kukusanya vitu vyangu. Karani aliiweka vizuri chini ya nyingine, kwa sababu haikuwa na nambari ya kesi. "Njoo kama mtu wa kwetu, bila kitabu." Naibeba kwenye mkoba na sijaweza kuisoma mara ya pili.

Wamenipa kituo mbali, mahakama ya ardhi. Naanza mwezi ujao. Nimewasikia wakisema kuna faili nyingi za ndugu na ndugu.

Viola amehamia juu, Rispah mwenyewe alimpimia mahali pa kibanda. Anapalilia huku na huku sasa, kaburi lako na la Derrick. Lusiola ziko katikati yenu, zimenipita urefu, na wazee wanasema mti uliopandwa kwa mpaka siku ya kunyoa haung'olewi na aliyeupanda akiwa hai. Nimewauliza ni nani aliyezipanda. Wamesema ni mimi.

Sina mahali pa kuituma barua hii. Nitashuka nayo Mayanja Jumamosi niisome pale kwako, kwa sauti, Rispah akitaka asikie. Nitaanza mwanzo kabisa, na kiti, na makofi, na muwa. Nikifika mwisho nitakuuliza, ndugu yangu, nilivyopaswa kukuuliza ulipokuwa kwenye benchi na kichwa kimenyolewa.

Levi, una la kusema?

Nimeshika kalamu.

Nelima